Mawe ya Kumfukuza Bundi

Hadithi hii nimeipata kwa shemeji yangu, nami nawatumia karibu kama ilivyonifikia, ila nimetia chumvi kidogo pale ilipopoa. Asiye na muda sasa hivi aiweke kiporo, aisome akitulia.

Palikuwa na mkulima mmoja wa tangawizi huko milimani, jina lake Senkondo. Aliishi na mkewe Elieshi katika nyumba ya vigae aliyoachiwa na marehemu baba yake. Vigae vile mzee alivifinyanga na kuvichoma kwa mikono yake mwenyewe, na siku hizi huko milimani hakuna tena anayejua kuvitengeneza. Senkondo alijivunia paa lile kupita kiasi. Mgeni akija, kabla ya kukaribishwa chai, alizungushwa kwanza nje ya nyumba akaonyeshwa vigae.

Mwaka huo mama yake, Bi Nakiete, aliugua kifua. Daktari akasema dawa atampa, lakini pamoja na dawa mgonjwa alale mahali pakavu, apate joto, na asishtuliwe. Wakamtandikia kitanda katika chumba cha nyuma, kwa kuwa kilikuwa na utulivu kuliko vingine.

Nyuma ya chumba hicho palikuwa na mparachichi. Tawi lake moja lilikuwa limeinama mpaka likalala juu ya vigae, na upepo ukivuma lilisugua paa kwa mlio wa kukera. Bi Nakiete alikwishalisemea tangu alipokuwa mzima.

"Mwanangu, kata hilo tawi."

"Nitalikata, mama. Acha kwanza maparachichi yakomae."

Maparachichi yakakomaa, yakachumwa, yakaliwa. Tawi likatoa maua mengine.

"Ngoja na haya nayo," akasema Senkondo.

Tusimlaumu sana. Tawi lile lilizaa kuliko matawi yote, na maparachichi yake yalikuwa matamu hata bila chumvi. Nani atakata tawi la namna hiyo kwa sababu ya kelele?

Panya nao walilipenda. Walikula yaliyoivia mtini, wakatembea juu ya tawi mpaka kwenye paa, wakajipenyeza chini ya vigae na kuzaliana darini. Na panya wakiwa wengi mahali, bundi hakawii kufika.

Alitua juu ya paa jioni moja, giza likianza kuingia, akalia. Elieshi alikuwa jikoni, mwiko ukamponyoka.

"Mume wangu, umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Analia upande wa chumba cha mama."

Sote tunajua watu husema nini bundi akilia juu ya nyumba yenye mgonjwa, hata wale wanaokaa viti vya mbele kanisani. Senkondo aliona tayari turubai limefungwa uani na majirani wamekaa kimya kwenye mabenchi. Akatoka nje, akaokota jiwe, akalirusha kwa nguvu zake zote. Bundi akaruka, akaenda zake.

Kesho yake akarudi. Senkondo naye akatoka na mawe. Jirani yake Mbaga, mtu mwema sana, asiyekubali mwenzake apambane na shida peke yake, akasikia vurugu akaja mbio.

"Huyu ndege hatuchukulii mama," akasema Mbaga. "Labda kama sisi hatupo."

Wakaja na wengine. Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni: giza likianza kuingia, wanaume wanakusanyika uani, kila mmoja na jiwe mkononi, macho juu. Hawakukosa mapenzi, ila shabaha walikosa kabisa. Jiwe lililompita bundi lilianguka palepale juu ya paa, likabingirika, likanyamaza.

Mara nyingine, katikati ya rabsha hiyo, sauti dhaifu ya Bi Nakiete ilisikika kutoka ndani.

"Senkondo! Senkondo, mwanangu!"

"Usiogope, mama!" Senkondo alimjibu kutoka uani. "Tupo hapa!" Halafu akarusha jingine.

Ndipo mvua za vuli zilipoanza. Zilianza alfajiri, kwa kishindo, na kabla watu hawajaamka vizuri maji yalikuwa yanamiminika juu ya kitanda cha mgonjwa. Elieshi alimkuta mama mkwe wake amelowa mpaka nywele, anatetemeka, meno yanagongana. Wakamfunga mablanketi, wakambeba mpaka nyumbani kwa Mbaga. Kufika saa sita mchana homa ilikuwa imempanda, na kifua kinakoroma.

Senkondo alichemka kwa hasira.

"Mshenzi yule ndege! Ameona kulia hakutoshi, sasa ametoboa na paa!"

Mvua ilipopungua akaegemeza ngazi ukutani, akapanda akayaone madhara ya bundi kwa macho yake.

Hakuona alama ya ukucha hata moja. Aliona mawe. Yalikuwa yamejaa kwenye mabonde ya vigae, makubwa kwa madogo, na kila lilipokuwa jiwe palikuwa na kigae kilichopasuka. Karibu na ukingo aliliona jiwe lake jeusi la kunolea panga, lile alilolitafuta nyumba nzima na kumgombeza Elieshi kwamba amelitupa. Akakumbuka. Jioni moja alikosa jiwe la karibu, akarusha hilo.

Pale tawi la mparachichi lilipolala, vigae vilikuwa vimesogezwa, na njia ya panya imeng'aa kwa kukanyagwa. Bundi aliacha mifupa midogo ya panya tu.

Senkondo alikaa juu ya paa la baba yake, akashindwa kushuka. Aliposhuka alilishika lile jiwe la kunolea mkononi, akaenda nalo moja kwa moja kwa Mbaga, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, si bundi. Ni mimi."

Bi Nakiete akafumbua macho.

"Najua, mwanangu. Bundi akilia nilikuwa nalala. Tena tangu aje, panya walikuwa wamepungua. Mawe yakianza ndipo nilipojifunika shuka kichwani. Nilidhani nyumba inaniangukia."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuita kila jioni. Unaniambia nisiogope, halafu unarusha jingine."

Senkondo alilia, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya mke wa jirani. Mbaga, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoka nje kimyakimya.

Homa ile ilimshika mama vibaya, na kuna siku waliita mpaka ndugu wa mbali. Lakini Mungu alimhurumia Senkondo, mama akaanza kunywa uji, kisha akaanza kulalamika kwamba uji hauna sukari. Hapo wakajua atapona.

Wakati huo wote Senkondo hakukaa bure. Alilikata lile tawi, na vijiparachichi vyake vichanga vikiwa juu yake. Vigae vilivyovunjika havikuwa na mbadala, kwa hiyo akatoa vizima vilivyokuwa juu ya chumba chake mwenyewe, akaviezeka juu ya chumba cha mama. Juu ya chumba chake na Elieshi akapiga bati. Nyumba sasa ina paa la viraka, nusu hivi nusu vile. Wageni bado wanazungushwa nje kuonyeshwa, ila siku hizi wanaonyeshwa bati.

Panya walipokosa daraja wakapungua darini. Bundi naye akawa anakaa kwingine, ingawa siku mojamoja alipita.

Jioni moja, Bi Nakiete akiwa amerudi chumbani kwake, Senkondo na Mbaga walikuwa wamekaa uani wanamenya tangawizi. Bundi akaja, akatua kwenye ncha ya paa, akalia. Mbaga, kwa mazoea, akainama akaokota jiwe.

Senkondo akamshika mkono.

"Liweke chini, ndugu yangu. Mama amelala."

Mbaga akaliweka chini polepole, lisije likatoa mlio.

Funzo: Unapomlinda umpendaye, nyamaza kwanza umsikilize anachosema, kwa maana hofu yako inaweza kumuumiza kuliko kile unachokiogopa; na kama shida imeingia nyumbani kwako kupitia tawi unalolionea huruma, likate hilo tawi, umwache ndege.