Jeneza la Mzaha

Jeneza la mzaha, mabega ya kweli. Hivyo ndivyo nilivyosema, Zaina, uliponionyesha kwenye simu ile picha ya Kilua amefungwa bandeji kichwa kizima, eti ni mahututi, ili watu waone huruma wawachangie nauli ya kupeleka mchezo wenu ng'ambo. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Chanzo chake nakijua vizuri, maana ndani ya jeneza hilo nilikuwamo mimi. Weka simu chini kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa na umri wenu. Siku zile hapa Tanga kila kiwanda kilikuwa na kikundi chake cha ngoma na maigizo, kinalipiwa sare na gari. Sisi tulikuwa vijana saba tusio na mwenyewe, tukifanyia mazoezi kwenye ghala la mkonge lililoachwa. Kiongozi wetu alikuwa Mwinjuma, fundi cherehani. Tulikuwa na mchezo mmoja wa kuchekesha, Marehemu Anasikia. Bahili anajifanya amekufa ili ajue nani atamlilia, na halii mtu. Bahili nilikuwa mimi.

Mgeni mmoja aliuona mchezo ule akapeleka habari zetu kwao. Ikaja barua kutoka Uholanzi: njooni kwenye tamasha letu la vichekesho, chakula na malazi tutawapa, nauli jitafutieni, na jibu tulipate kabla ya mwezi kwisha. Niliisoma barua ile mpaka mikunjo yake ikachanika. Hata mpaka wa Kenya pale Horohoro sikuwa nimeuvuka. Tulizunguka maofisini, tukaambiwa njooni kesho, tukaenda kesho, tukaambiwa vilevile. Zikabaki siku tisa.

Ndipo Mwinjuma alipopata wazo. Tulibebe jeneza letu la jukwaani, tupite nalo mitaa ya Ngamiani, ngoma ikitangulia. Mimi niwe ndani, nichungulie na kuwatania watu, yeye apitishe mkebe wa mchango. Watu wacheke, watoe.

Asubuhi hiyo ngozi ya ngoma ilipasuka. Mpigaji wetu, Shekue, akasema, "Tangulieni. Nawamba nyingine, nitawakuta njiani."

Tukatangulia. Hapo ndipo tulipokosea. Fikirini wenyewe: vijana wanne wa kanzu na kofia wamebeba jeneza lililofunikwa shuka la kijani, na ngoma hakuna. Mji uone nini?

Wenzangu walikuwa wakitembea kwa madaha, kama jukwaani. Mara nikasikia sauti ya mtu mzima: "Nyie vijana! Maiti huharakishwa. Mnamtembeza kama bwana harusi?"

Nanyi mnajua desturi yetu. Jeneza likipita mtu haulizi, hutia bega. Nikahisi bega geni limeingia upande wa kulia, kisha jingine kushoto. Mwendo ukawa wa mbio. Nikashika mbao kwa mikono miwili. Kitambo kidogo tu, nikajua kwamba katika walionibeba hakuna hata mmoja ninayemfahamu.

"Mwinjuma!" nikanong'ona.

Sauti yake ikaja karibu na shuka, inahema. "Nyamaza. Wanatoa ubani wa maziko, mkebe unajaa. Tukifika kona ya soko nitawaambia."

Nikanyamaza. Nami nilikuwa nikiiwaza Uholanzi.

Kwenye kona ya soko nikasikia vikombe vikigongana. Alikuwa Mzee Mbaruku, muuza kahawa, ambaye mji mzima ulimjua kwa mlio ule. "Nani katutoka?" akauliza.

Mwinjuma alikuwa na nafasi yake. Lakini alitazama nyuma, akauona umati, akaogopa. "Ni... ni mgeni tu, mzee. Hana mtu hapa."

Baadaye alituambia alidhani watu wakisikia marehemu hana ndugu watasema pole na kwenda zao. Mlio wa vikombe ukakoma. Mzee Mbaruku aliuweka mdila wake wa kahawa kando ya njia, na moto wake unawaka.

"Hana mtu?" alisema. "Na sisi ni nani?"

Neno likakimbia mbele yetu: mgeni, hana mtu, mtoto wa watu. Nikasikia milango ya maduka ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Miguu ikawa mingi. Wanawake vibarazani walikuwa wakisema, "Maskini, mama yake huko aliko hana habari." Hapo nikamkumbuka mama yangu, aliyekuwa mtaa wa pili akipepeta mchele, na kweli hakuwa na habari.

Mtaniuliza kwa nini sikuinuka. Wiki ile ile nilikuwa nimeona mwizi wa baiskeli anavyopigwa pale sokoni. Nilikumbuka meno yake mchangani. Nasi sasa tulikuwa wezi, tena wezi wa ubani. Nilijua nikitoa kichwa, kitapokewa na jiwe. Basi nikalala kama maiti. Jasho likaniingia machoni, nisithubutu kulifuta. Kila nilipovuta pumzi niliona shuka linainuka, nikajifunza kuvuta kidogo kidogo.

Jeneza likasimama ghafla. Bi Mwanakombo, mjane kipofu, fundi wa mikeka, alikuwa amejitokeza mlangoni kwake.

"Huyo msafiri ana sanda?"

Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu kuelekea ndani, kifuniko cha sanduku kikafunguka, fimbo ikarudi. Kitambaa kizito kikashuka juu yangu. Kilikuwa bafta mpya, inanuka karafuu maiti.

"Bibi," sauti ya mwanamke ikasema, "hii si ile uliyojiwekea mwenyewe?"

"Yangu itapatikana. Yeye anaondoka leo."

Wakaninyanyua tena. Nilikuwa nikitetemeka, wanangu, hata nikashangaa waliobeba hawakuhisi. Labda walidhani ni mwendo.

Makaburini walinitua chini. Nikasikia majembe yakianza. Udongo wa pale una changarawe, kila jembe lilikuwa likilia meno yangu yakiganda. Kwa mbali sana, mjini, nikasikia ngoma. Shekue alikuwa akitutafuta.

Maalim wa msikiti akawataka watu watulie. "Kabla ya kumsalia," alisema, "nani atamshukia kaburini? Mgeni au mwenyeji, lazima awe na mtu wa kumpokea."

Nilimngoja Mwinjuma aseme. Hakusema.

"Nitamshukia mimi," akasema Mzee Mbaruku. "Mgongo wangu mbovu, lakini nitashuka. Mtanisaidia kutoka."

Hofu niliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya kupigwa. Sasa ikanijia nyingine, kubwa zaidi: kwamba mzee yule atashuka kwa ajili yangu, na mimi nimelala namsikiliza.

"Mzee," nikasema chini ya vitambaa viwili, "usishuke. Sijafa."

Uwanja ulipasuka. Majembe yalitupwa, viatu viliachwa, mtu mmoja akapanda ukuta akiita majina ya watoto wake wote. Mzee Mbaruku peke yake hakuondoka. Alikuwa ameshika mguu wa jeneza, na aliendelea kuushika.

"Rudia," alisema.

"Sijafa, mzee. Ni maigizo. Tulikuwa tunatafuta nauli."

Akafunua uso wangu polepole. Macho yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa amemlilia mtu asiyemjua. Ningependa jiwe kuliko macho yale.

Watu wakarudi, nao sasa wana majembe mikononi. Mwinjuma akapiga magoti mbele yao. "Nipigeni mimi. Niliona mkebe unajaa nikanyamaza. Huyu alitaka kusema toka mwanzo." Haikuwa kweli yote. Nami nilikuwa nimenyamaza.

Kijana mmoja aliinua mpini. Mzee Mbaruku akasimama katikati. Hakupaza sauti.

"Vijana," alisema, "jeneza lenu la mzaha. Lakini mabega yetu yalikuwa ya kweli."

Mpini ukashuka. Nilipigwa fimbo nyingi utotoni, hakuna iliyoniingia kama maneno yale.

Mkebe tulimwachia Maalim kwa ajili ya mgeni atakayekufa kweli. Sanda nilimrudishia Bi Mwanakombo mwenyewe. Aliipapasa pindo kwa pindo.

"Imepata vumbi tu," alisema. "Haya, machozi nimeshayatoa. Huo mchezo wenyewe unachekesha?"

Tukaucheza jioni ile ile mlangoni kwake, bila mkebe. Nilikuwa naogopa hadi nikasahau maneno. Bahili alipogundua haliliwi na mtu, bibi yule akacheka, na mtaa ukamfuata.

Mwezi ulikwisha, nauli haikupatikana, hatukwenda. Mwaka wa pili waliandika tena. Safari hii tulipita na ngoma mbele, jeneza tukaliacha ghalani, Mwinjuma akisema wazi: sisi ni wachekeshaji, tunataka kwenda Uholanzi, tusaidieni. Wa kwanza kutoa alikuwa Mzee Mbaruku. "Huu si ubani," alisema, "mkirudi mnisimulie." Tukaenda, tukarudi, tukamsimulia.

Bi Mwanakombo alifariki miaka minne baadaye. Alizikwa kwa sanda ile ile. Nilitia bega langu mlangoni kwake, nikakataa kupokewa mpaka makaburini.

Basi, Kilua, kichwa chako ni kizima, mshukuru Mungu. Wako watu watakaoiona picha yako wakauza kuku wao. Wengine watakesha wakikuombea. Zaina, naona umeshaifuta. Andika sasa ya kweli: mna mchezo, unachekesha, hamna nauli. Kama mnaogopa watakataa, ogopeni, nasi tuliogopa. Ila msisahau. Jeneza la mzaha, mabega ya kweli.