Nyayo za Sikujua

Barabara ya vumbi kutoka Segese kwenda kwenye machimbo yaliyoachwa ilikuwa nyoofu kama rula, na hapo ndipo Asteria alipofanyia mazoezi ya mita mia kila alfajiri. Alikwisha kuwa binti wa kwanza wa kijiji chao kuuwakilisha mkoa katika mbio. Sasa alitaka kuliwakilisha taifa kwenye Olimpiki. Wale waliosema msichana hukimbilia kisimani tu walikuwa wameanza kunyamaza.

Lakini barabarani hakuwa peke yake. Kila alipoinama kuanza, nyayo za mtu pekupeku zilichomoka mbele yake, pa-pa-pa, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Mtu hakuonekana, wala vumbi halikutimka. Mwanzoni mwili ulimsisimka. Baadaye, kwa kuwa mazoea yana tabu, akazifanya mshindani wake. Zikichomoka, naye anachomoka. Kasi ikapanda, na siri akaimeza.

Siri hiyo ilimtokea puani kule Mwanza, kwenye mashindano ya kanda. Nyayo zilichomoka, naye akazifuata, kumbe bastola haijalia. Mwamuzi akamwinulia kadi nyekundu. Mwalimu wake, Nestory, alikunja uso kama aliyelamba shubiri.

"Ulisikia nini wewe?"

"Nilisikia mtu akikimbia, mwalimu."

"Basi mtu huyo umvalishe namba yako. Nitawaomba wakuu wa riadha wakuingize kwenye mchujo wa Olimpiki, Dar es Salaam. Nafasi ni moja. Ukirudia haya, turudi tukalime dengu."

Aliporudi nyumbani alimwendea mjomba wake Bujiku, mchimbaji wa siku nyingi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nasikia umefukuzwa kwa kuwahi. Mimi hufukuzwa kwa kuchelewa. Tungegawana."

Asteria hakucheka. Alimweleza yote. Bujiku akaiweka sururu chini, na utani ukamtoka usoni.

"Huyo ni Sikujua," alisema. "Alikuwa mwanamke wa kubeba mawe kule machimboni, na hakuna mwanamume aliyempita kwa mbio. Siku machimbo yalipotitia, vumbi lilitanda hata mkono wako huuoni. Tukasema, subirini, tushikane mikono. Yeye hakusubiri. Sisi thelathini tulitoka tukiongozana kama vipofu. Yeye alikimbilia upande wa shimo la zamani. Tulizisikia nyayo zake, halafu hatukuzisikia."

"Mlimpata?"

"Hatukumpata. Alitutangulia wote, na mpaka leo hajafika."

Siku ya mchujo, wasichana wanane waliinama mstarini. Dorah, msichana mwenye sifa kubwa kuliko wote, alikuwa njia ya pili, jirani na Asteria.

"Tayari," ilisema sauti ya mwamuzi.

Nyayo zikachomoka. Misuli ya Asteria iliruka kama chura aliyemwagiwa maji ya moto, lakini akaing'ang'ania ardhi kwa vidole. Aliyechomoka ni Dorah. Kadi nyekundu ikainuliwa.

"Nimesikia mtu akikimbia," Dorah alisema, akiwatazama wenzake mmoja mmoja. Asteria aliinamisha macho.

Wakapangwa upya. Nyayo zikatangulia tena, zikaenda zake mbali, mbali kabisa. Asteria aliziacha ziende. Kungoja kule kulikuwa kufupi kama kupepesa jicho, lakini kwake kulikuwa kurefu kama kiangazi.

Bastola ikalia.

Akakimbia. Katikati ya uwanja alizikuta nyayo zile, zikawa ubavuni pake, na pamoja nazo pumzi kavu iliyonuka vumbi. Hakugeuka. Akazipita. Kifua chake kilipokata mstari, nyayo zilikuwa nyuma yake, na kabla hazijaugusa mstari zikakatika ghafla, kama za mtu aliyekosa pa kukanyaga.

"Wa kwanza," alisema mwalimu Nestory, akimfunika bendera mabegani. "Mbona unatazama nyuma? Nyuma hakuna mtu."

Asteria alijua hivyo. Machozi yalimtoka, nusu ya furaha, nusu ya huruma kwa yule asiyefika. Ama kweli, kutangulia si kufika.