Fisi na Wiki wa Mama Nungu

Jamani, hadithi!

Ilete!

Niilete kavu?

Ilete na mchuzi wake!

Hapo kale, kale sana, mvua ilikataa kunyesha. Wanyama wakapatana: atakayeficha chakula atafukuzwa kisimani. Sasa, Fisi alikuwa na jirani yake, Mama Nungu, nungunungu mjane mwenye watoto watano. Kwa Fisi watoto walilala na njaa. Kwa Mama Nungu moshi ulifuka kila jioni.

"Huyu ana kitu," Fisi akawaza.

Jumatatu akapiga hodi. "Mama Nungu, mnaendeleaje?"

"Tunasukuma wiki tu, baba."

Fisi akashtuka. Kwao siku saba huitwa juma. Neno wiki hakuwahi kulisikia. Wiki ni nani? Na mbona anasukumwa? Labda ni mnyama mnene, hata kutembea hawezi!

Jumatano akarudi. "Bado mnasukuma?"

"Bado, baba. Nzito kweli, haiendi."

Mate yakamdondoka Fisi.

Ijumaa akarudi tena. "Na ikiisha?"

"Tunashukuru Mungu, tunaanza nyingine."

Nyingine! Kumbe wako wengi! Fisi akatoka mbio mpaka kwa Simba. "Mzee, Mama Nungu amefuga Wiki, wanono, anawala na wanawe kimyakimya!"

Simba akaja na wanyama wote. Mama Nungu akasimama mlangoni, watoto wamejibana nyuma yake. Fisi akapekua mwenyewe: uvunguni hamna, darini hamna. Akafunua chungu. Majani! Majani mabichi, yamekatwakatwa, yanachemka na chumvi.

"Wiki yuko wapi?" Simba akanguruma.

"Wiki ni siku saba, mzee. Nyama sina, unga ni kiganja tu. Majani haya nayamwagilia maji niliyooshea vyombo. Nikichuma ya chini, juu yanachipua. Ndiyo yanayotusukumia wiki. Sikuyaficha. Yako pale uani, kila siku mnayapita mkiyakanyaga."

Simba akaonja. Akaonja tena. Akaonja mara ya tatu.

"Yanaitwaje?"

"Hayana jina, mzee."

"Basi ni sukuma wiki. Kila mtu achukue miche akapande. Na wewe Fisi, utambebea mama huyu maji ya bustani mpaka mvua inyeshe."

Fisi akabeba maji, kichwa chini. Jioni ya kwanza Mama Nungu akamwekea fungu la majani juu ya mtungi. "Wapelekee watoto, baba."

Fisi akalipokea kwa mikono miwili. Akakimbia nalo nyumbani. Usiku ule watoto wake hawakulia.

Ndugu zangu, neno usilolijua, uliza maana yake. Ukilijaza shuku zako, utamponza jirani asiye na kosa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeshiba asinzie, mwenye njaa achungulie chungu.