Mlio wa Njuga

"Mlio wa njuga si uzima wa mguu." Mmemsikia shangazi yenu akilisema neno hilo, mkacheka mkidhani anawatania wacheza ngoma. Lilitoka kinywani mwa mwanamke wa kijiji hiki hiki, asubuhi moja, na siku hiyo hakuwa na utani na mtu. Ketini basi, niwape chanzo chake.

Nshoma alikuwa na mume, Maduhu, mcheza ngoma. Mnazijua ngoma zetu za baada ya mavuno: vikundi viwili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji huhamia kwa anayewavutia. Hakuna mwamuzi mwingine. Miaka saba Maduhu alisimama mbele ya kikundi cha manju wetu, kiongozi wa ngoma mzee Lusangija, na akiurusha mguu wa kulia, njuga zikalia, watu walihama kama ng'ombe waliosikia harufu ya maji. Hakuwa na shamba la maana, wala barazani hakuwa na ulimi. Alikuwa na mguu huo.

Mwaka wa nane, kwenye mazoezi miezi kadhaa kabla ya msimu, mguu ukaingia kwenye shimo la panya katikati ya uwanja, kifundo kikapinda. Kilikwisha kuteguka mara nyingi, naye kila mara alikikanda kwa maji ya moto akaendelea. Safari hii kano zilikatika. Hospitali wakampasua, wakazishona, wakamfunga hogo la plasta, akarudi nyumbani kwa magongo.

Wiki sita za hogo alizivumilia, maana mwenye plasta kila mtu humwonea huruma. Tabu ilianza lilipofunguliwa. Ulitoka mguu mwembamba, wa rangi ya majivu, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mtaalamu wa mazoezi, dada aliyeitwa Tumsifu, akamwambia asimame kwa mguu huo peke yake, afumbe macho, ahesabu. Alifika tano, akashika ukuta. Tumsifu akamweleza kwamba kano zimeshonwa, lakini mguu umesahau kujishika, sharti ufundishwe upya. Siku atakayofika thelathini bila kuyumba, wataanza kurukaruka. Kabla ya hapo asiruke hata mfereji.

Kila asubuhi akasimama kando ya ghala. Saba. Tisa. Siku nyingine sita. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, akafika kumi na moja, kesho yake akarudi nane. Mwanzoni alimwambia mkewe hesabu ya kila siku, halafu akaacha kumwambia. Alikata tamaa, nami simlaumu. Anayeumwa homa hupona au hufa, watu wakajua moja. Yeye alikuwa mzima machoni pa watu, anakula, anatembea, na ng'ambo ya bonde ngoma za mazoezi zinalia bila yeye.

Mzee Lusangija akaja kumjulia hali. Akasema kwa upole kwamba msimu umekaribia, na Maduhu asipoweza, mbele atasimama Gindu, na Gindu bado kijana. Maduhu alielewa kwamba akishasimama Gindu, yeye hatarudi mbele tena.

Siku ya pili yake akazitoa njuga ukutani. Alitaka kuzisikia tu. Akazifunga kama baba yake alivyomfundisha, ukanda wa ngozi ya mbuzi, mizunguko mitatu, ukikazwa mpaka mishipa isimame. Akainua mguu wa kushoto, akafumba macho. Akafika thelathini. Akaendelea mpaka arobaini, machozi yakimtoka.

Nshoma alikuwa akipepeta mtama.

"Mama Limi, nimepona," akamwambia. "Nimehesabu arobaini."

Nshoma akautazama mguu. "Zifungue, usimame tena."

"Nizifungue za nini? Kwani uwanjani nitacheza bila njuga?"

"Basi nenda hivyo hivyo kwa Tumsifu, akuone."

"Tumsifu hachezi ngoma."

"Baba Limi," akasema Nshoma, "hapo uliosimama ni ukanda. Wewe bado."

Maduhu akanuna, wakashinda siku tatu hawasemeshani. Tena nisikilizeni hapa, ninyi mnaopenda kucheka. Tangu siku ile hakuzifungua hata mara moja ili ahesabu. Kila alipotaka kusimama kwa mguu mmoja, alizifunga kwanza. Aliogopa atakachokikuta.

Siku ya mashindano alicheza. Msinisikie vibaya, alicheza kuliko miaka yote saba. Njuga zililia, vumbi likapanda, na wale wa upande wa pili wakabaki wanajipigia ngoma wenyewe. Maduhu hakusikia maumivu, kwa maana chini ya ule ukanda mguu ulikuwa umekufa ganzi. Walipokwisha kushinda akaketi nyuma ya ngoma, akazifungua. Alipojaribu kusimama, unyayo ukalala upande, naye akaanguka.

"Nifungeni tena," akawaambia wenzake.

Wakashangilia. Hawakumwona akianguka; walidhani bado ana hamu ya kucheza.

Kupasuliwa mara ya pili kulikuja baadaye, na daktari kumwambia kwamba atatembea ila ngoma asahau, nako kulikuja baadaye. Asubuhi ya kesho yake hakuna aliyejua lolote ila Nshoma. Kikundi kizima kilifika uani kikiimba, mzee Lusangija mbele, na kuku wa kumpongeza shujaa. Nshoma akasimama mlangoni, hakuwakaribisha. Wimbo ukafa. Ndipo njuga zikasikika nyuma ya nyumba, moja moja.

"Mnasikia?" akasema mzee Lusangija, akicheka kwa furaha. "Mwenzenu keshaanza mazoezi. Mzima huyo."

Nshoma akawaongoza mpaka pembeni ya nyumba. Maduhu alikuwa anatoka chooni, ameshika ua kwa mikono miwili, mguu umevimba hadi gotini, na njuga amezikaza juu ya uvimbe. Bila ukanda ule asingeweza kufika mlangoni kwake. Alipowaona akasimama, na njuga zikanyamaza.

Nshoma akamgeukia manju.

"Baba," akasema, "mlio wa njuga si uzima wa mguu."