Siku Mahona Alipoinuka Mapema

"Keti kwanza, mzinga hauhami." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo jirani aliyeingia hapa akihema kwa hasira, nanyi mnaniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Yalianza siku kaka yangu Mahona alipokwenda porini kurina asali, akarudishwa amebebwa kwa machela.

Marehemu baba alituachia desturi moja. Ukifika chini ya mti wenye mzinga, huwashi mwenge papo hapo. Unaketi, unaegemea shina, unafumba macho na kuifuata pumzi ikiingia na kutoka, mpaka moyo utulie. Si muda mrefu. Jasho likikauka, inatosha. Nyuki hawamtaki mtu mwenye papara.

Siku ile Mahona aliamka vibaya. Mtoto alikuwa amekohoa usiku kucha, paa lilivuja, na jioni walitarajiwa wageni wa kumposa binti yake, ilhali asali ya kuwakirimu haikuwepo. Alifuatana na Kapela, kaka wa mkewe, mtu wa utani. Walipofika, Mahona akaketi.

"Shemeji, unaatamia mayai?" Kapela akamcheka. "Wageni watakuta umeangua vifaranga!"

"Niache kidogo. Mikono inatetemeka."

"Itatulia huko huko juu. Au nikuletee mkeka ulale kabisa?"

"Wewe na dada yako ulimi mmoja," Mahona akasema, akainuka. Hakucheka.

Akawasha mwenge, akapanda kwa kamba. Mikono haikutulia. Mwenge uliugonga mzinga, nyuki wakamjaa usoni, naye akaiachia kamba ili ajikinge, akaanguka.

Matangani wazee walimwuliza Kapela ilikuwaje. Akasema, "Alikuwa ameketi, nikamwinua. Kumbe ningemwambia tu: keti kwanza, shemeji, mzinga hauhami."

Wifi yangu alimtazama ndugu yake, akaingia ndani.

Waliokuwepo wakaondoka na maneno yale. Leo huambiwa fundi aliyekosana na tajiri wake, huambiwa mama aliyeshika fimbo, huambiwa yeyote aliyezidiwa na mambo: afumbe macho, avute pumzi, ndipo ainuke. Wengi wanaoyasema hawajui kwamba kuna mtu aliyezikwa. Nanyi sasa mnajua. Keti kwanza, mzinga hauhami.

Asali ya nyumba hii tunainunua sokoni.