Shanga Moja Inayobaki

Sogeeni, nanyi mlio nyuma, maana hadithi hii haipendi mtu akae peke yake.

Zimwi liliikalia chemchemi, limetandaza shanga elfu mbili mia tano ishirini na moja. "Mliokuja, gawaneni sawasawa," likasema. "Ikibaki hata moja, nawameza."

Wakaja wawili, ikabaki moja, wakamezwa. Wakaja watatu, ikabaki moja, wakamezwa. Wakaja kumi, moja ile ile ikabaki.

Akaja Siwema, mwanamke asiye na mume wala mtoto. Alitafuta wa kufuatana naye, akakosa.

"Wenzako wako wapi?" zimwi likauliza.

"Sina." Akazikumbatia shanga zote. "Fungu langu ndilo hili."

Haikubaki hata moja. Zimwi likapasuka, waliomezwa wakatoka, kila mmoja akamkimbilia mtu wake.

Siwema hakukimbiliwa. Akaokota shanga moja, akaitupa majini, ili zilizosalia ziwatoshe sawasawa wakija wawili, wakija watatu, hata wakija kumi. Kisha akaketi kungoja.

Hadithi nimeiacha pale chemchemini. Apitaye na aketi.