Nge wa Kijani na Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani, wakati meno yangu yote yapo na uongo wangu bado mdogo, mtu mmoja aitwaye Lechipya alikwenda kumtafuta mbuzi wake kwenye majabali. Akateleza, akatumbukia kwenye ufa mwembamba. Mguu ukavunjika. Giza likaingia.

Majabali yale ni ya nge. Mchana wamelala, usiku wanatoka. Alipoumwa mara ya kwanza mkononi, Lechipya alipiga kelele zikafika hadi nyumbani, alikokuwa mkewe Nyemo na mimba ya miezi tisa:

“Atakayenitoa humu, mtoto wangu atabeba jina lake!”

Wakatoka watatu. Akatoka Chilewa, mdogo wake Lechipya, na tochi ya mwanga wa zambarau aliyoachiwa na mgeni mmoja mtafiti wa wadudu. Mwanga ule hauonyeshi njia, lakini ukimpata nge, anawaka kijani. Akatoka jirani, Mazoya, na kamba na tochi ya kawaida. Hiyo huonyesha njia, lakini nge na jiwe huwa rangi moja. Akatoka Mbeleje, mama yake Nyemo. Na huko kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala jina la mama mkwe halitamkwi, hata kwa homa.

Chilewa akawasha. Jamani! Mimi nimewahi kumnyang’anya chatu shuka, lakini pale ningekimbia. Jabali zima liliwaka kijani. Nge nyufani, nge mizizini, nge kwenye njia waliyokwisha kuipita.

“Zima!” akasema Mazoya. “Sitaki kuwaona.”

“Nikizima hawaondoki, bwana. Ni wewe tu utakuwa huwaoni.”

Wakaenda. Kushoto. Simama. Ruka. Wakafika.

Ufa ulimtosha Mbeleje peke yake, kwa wembamba wake. Akajifunga kamba kiunoni, akajifunika uso kwa kanga.

“Mkwe, fumba macho. Nashuka.”

“Mama, usije! Aibu!”

“Aibu tutaifua nyumbani. Fumba macho!”

Ghafla taa ya zambarau ikafifia. Mazoya akachomoa betri za tochi yake, akampa Chilewa, akabaki nyuma gizani, kamba mikononi.

“Usishike hapo, mama! Jiwe la kulia!” Chilewa akamulika.

Mbeleje akamfunga mkwewe mgongoni kwa kanga ya pili. “Vuta!”

Mazoya akavuta.

“Chilewa, kuna kitu kinanipanda mguuni. Mulika huku.”

“Nikimulika huko, mama atashika nge!”

“Kimefika gotini.”

“Vumilia!”

“Kimefika pajani, Chilewa…”

Kisha ukelele mmoja. Lakini kamba haikulegea.

Lechipya akapona. Mazoya naye akapona, ila mguu una ganzi mpaka leo. Siku ya tatu Nyemo akajifungua mtoto wa kike, na ugomvi ukaanza.

“Ataitwa Chilewa,” akasema Chilewa. “Bila taa yangu, mama angeshika nge kila aliponyoosha mkono.”

“Taa yako, betri zangu!” akasema Mazoya. “Niliomba mwanga ukaninyima. Niliumwa, na kamba sikuiachia. Ataitwa Mazoya.”

“Ninyi mlibaki juu,” akasema Mbeleje. “Mimi nilishuka. Nimembeba mkwe mgongoni kama kichanga, wanawake kisimani wananicheka hadi ndoo zinamwagika. Ataitwa Mbeleje.”

Mazoya akacheka. “Mama, baba yake atamwitaje, na jina lako halitamki? Atampigia mluzi?”

“Aliahidi kulitoa jina,” akajibu Mbeleje. “Hakuahidi kulitamka.”

Lechipya kainamisha kichwa. Mtoto ana siku saba, analia, na hakuna anayejua ambembeleze kwa jina gani.

Haya, ninyi mliokaa kitako mkinisikiliza, kwanza hebu papaseni miguuni penu. Hakuna kitu? Basi nijibuni: kati ya aliyemulika, aliyeshika kamba na aliyeshuka, mtoto yule aitwe nani?